Waziri Yuko Uwani

La, sikumfungia Waziri. Nani kakwambia, ni Faiza? Faiza siku hiyo alikuwa Pemba kwenye harusi ya shoga yake, kaona nini yeye? Mwanamke hafungiwi, Wanu mjukuu wangu. Nlowafungia ni wanaume, na hao walifungiwa nje. Sasa mtu akiwa nje kafungiwa vipi? Nje si ndio dunia nzima? Haya, nsogezee huo mto mgongoni nkwambie ilivyokuwa, maana kila mtu anaisimulia kwa mdomo wake, na mwenye mlango ni mie.

Unajua mie ni bawabu wa ubalozi wa nchi ile. Jina lake sitalitaja, nlitia dole gumba kwenye karatasi kwamba mambo ya ofisi siyatoi nje, na dole gumba langu nnaliheshimu. Ni nchi ya baridi, wanapenda mbatata na kuwahi. Inatosha. Nadhira, karani wetu, husema ule si ubalozi khasa, ni ubalozi mdogo, mkubwa uko Dar es Salaam. Nkamwambia labda ofisi ndogo, mlango si mdogo. Umeuona wewe, umejaa misumari ya shaba. Watalii huambiwa misumari ile ni ya kuzuia tembo. Miaka ishirini na sita nimekaa pale juu ya kibao changu sijaona tembo hata mmoja, kwa hiyo labda inafanya kazi.

Nyumba yenyewe ni ya kina Gulamabbas. Uwa wake ndio mkubwa kuliko wote mtaani, una kisima, una kivuli, na una mafiga ya mawe yaliyojengewa kabisa. Toka enzi za babu yake Gulamabbas, mtaa ukiwa na shughuli, harusi au hitima ya kumsomea marehemu, masufuria huja kupikwa pale. Siku alipoikodisha kwa ubalozi alisema, "Nyumba yenu, uwa wa mtaa." Alisema kwa mdomo. Kwenye karatasi hakuandika, kwani nani huandika kitu kinachojulikana? Mabalozi wanne wamepita, wote wameambiwa, wote wamekubali, wote wamekula pilau. Huyu wa tano alikuwa na miezi mitatu tu, kijana hata mvi hana, na mie nlikuwa sijamwambia. Nlikuwa nnangoja siku njema.

Anayeutaka uwa huja kwangu. Siandiki, nnaweka kichwani. Basi akaja Bi Ummkulthum, mke wa marehemu Masoud. Masoud unamkumbuka? Yule alokuwa akikaa nami barazani pale ubalozini, mwenye kofia ya viua ilokwisha rangi. Alikuwa hakosi hitima hata moja mjini hapa, na hakosi kulalamika. Akirudi nnamuuliza, "Masoud, wamekulisheni?" Ananambia, "Pilau zuri, ila nyama tulikuwa tukiisikia harufu tu, kama jirani." Mtaa mzima unajua maneno yake. Sasa kafa yeye, na mjane wake hapati usingizi.

"Ubwa kaka yangu," ananambia, "hitima yake ya mwaka ni Jumamosi. Wale wote alowasema watakuja. Wallahi watakuja na rula, wapime minofu."

Nkamwambia, "Bi Ummkulthum, uwa umepata."

Nshasema. Mwanamume akishasema kashasema.

Siku ya pili yake, saa ileile nnakunywa chai yangu, Nadhira akatoka mbio na karatasi. "Babu Ubwa, tunajiwa na Waziri! Waziri wao wa mambo ya nje, anakuja Unguja!"

"Lini?"

"Jumamosi."

Chai ikanipalia, nkakohoa mpaka paka akahama.

Wiki ile ubalozi haukukalika. Ngazi zikapakwa rangi, na mie nkapakwa kidogo kwa sababu nlikaa njiani. Picha ya Waziri ikabandikwa kwenye kibanda changu ili nsije nkamzuia: mama wa makamo, nywele fupi, uso wa mwalimu anayekusudia kuuliza swali. Mkuu wa ulinzi wao naye akaja kutangulia, jitu refu lenye waya sikioni. Jina lake lilikuwa kama mtu anayesafisha koo, sie tukamwita Waya. Waya akaukagua mlango, akaukagua kibao changu, akanikagua mie mpaka ndani ya kofia.

Kisha Balozi akaniita. Huyu kasoma Kiswahili kitabuni, basi hukisema kimenyooka kama kimepigwa pasi. "Mzee Ubwa," ananambia, "ziara hii ni muhimu sana kwangu. Ikiharibika mlangoni, nitalazimika kukupumzisha nyumbani."

Wanu, wewe bado mdogo. Mtu wa umri wangu akipumzishwa hapumziki, anangoja. Bibi yako Mungu amrehemu hayupo, nyumba kimya, nkae ndani nfanye nini, nhesabu mijusi? Pale mlangoni nnasalimiwa shikamoo mia kwa siku. Nkasema moyoni, Ubwa, shika kibao chako hiki kwa mikono miwili.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia habari ya hitima. Nlitaka. Lakini nkaangalia ratiba, yaani nkamtaka Nadhira aniangalilie. Waziri anakuja saa nne asubuhi, anapanda juu sebuleni, anatia saini kitabu cha wageni, anakula vitafunio vya hoteli, saa tano keshaondoka. Na Bi Ummkulthum anataka uwa saa tano na nusu. Nusu saa nzima katikati! Nkasema Mungu mkubwa, kapanga mwenyewe, mie nani nimsumbue Balozi?

Jumamosi ikafika. Saa nne, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Balozi na Nadhira walikuwa uwanja wa ndege toka alfajiri, na wote wa ofisini wameondoka nao. Saa tano, kimya. Kumbe Waziri kashuka kwenye ndege akasema anataka kwanza kuona karafuu inavyokuwa mtini, wakampeleka Kidichi. Nadhira akaandika ujumbe kwa watu wote wa ofisi, kwenye lile kundi lao la simu. Simu yangu mie haina kundi, ina tochi.

Saa tano na nusu juu ya alama, Bi Ummkulthum huyo na wanawake wenziwe, masufuria vichwani. Mwisho wa kichochoro kuna polisi wamewekwa, lakini mmoja ni Kurwa, mtoto wa dada yake. "Kurwa," anamwambia, "nishikie huu mwiko nipite." Polisi akashika mwiko. Nani atazuia sufuria la hitima?

Nkamwambia, "Bi Ummkulthum, tulikuwa tunajiwa na Waziri."

"Yuko wapi?"

Nkatazama kulia, nkatazama kushoto. "Hayupo."

"Basi kakatisha. Serikali zote ndivyo zilivyo. Fungua, nyama itaharibika."

Na mie nkaamini. Nimeona viongozi wengi wakingojwa na ngoma zikarudi bila kupigwa. Nkafungua.

Wakaingia kama wanawake ishirini, wakatia komeo nusu, wakavua mabuibui. Kule uwani joto la mafiga matatu halivumiliki, wamebaki na kanga kifuani, vichwa wazi, wanaimba, wanachambua mchele, wanasemana. Mie nko nje kwenye kibao changu, mgongo umegeuka. Kazi ya bawabu siku ya shughuli ni hiyo tu: mwanamume asipite. Mwanamume akija apige hodi, ajibiwe, wanawake wajitande, ndipo apite. Akikosa jibu mara tatu, arudi kwao. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

Saa saba kasoro robo, vyungu vimechemka, harufu ya bizari imefika mpaka mtaa wa Malindi, naona Kurwa kule mwisho wa kichochoro anapiga saluti. Nkasema anampigia nani huyu? Nkaona mbele mama wa makamo, nywele fupi, anakwenda mbio. Nadhira anakimbia pembeni yake. Nyuma yao Balozi, nyuma Waya, nyuma msafara wa suti na makamera, wote wanakimbia kimyakimya kama wanaokwenda kuzika mvua inakuja.

Nkamjua, picha yake nimelala nayo wiki nzima.

"Babu!" Nadhira anapiga kelele toka mbali. "Choo, Babu! Waziri kanywa madafu manne Kidichi!"

Sasa, choo kiko uwani. Na ngazi za kupandia juu kwenye sebule nazo zinaanzia uwani. Nyumba ya kina Gulamabbas imejengwa hivyo, si mie nlojenga. Nkafikiri haraka kuliko nlivyowahi kufikiri tokea nlipooa. Huyu ni nani? Waziri. Ndiyo, lakini kabla ya kuwa waziri ni nani? Mwanamke. Kuna nini kumzuia mwanamke?

Nkapiga kelele mlangoni, "Mwanamke mwenzenu anaingia, ana haja!"

"Aingie!" Bi Ummkulthum akajibu.

Nkasukuma ubao, Waziri akapita kama upepo, Nadhira nyuma yake. Na nyuma ya Nadhira, Waya. Nkatia mguu.

"Wewe wapi?" nkamwambia.

Hajui Kiswahili, lakini mguu aliufahamu. Akanitazama toka juu. Nkageukia ndani, nkapaza sauti, "Wanaume hao!" Nkasikia wanawake wote kwa pamoja, "Astaghfirullah!" na komeo likaanguka. Ndwi! Komeo la mti wa mfenesi, unene wake kama paja langu nlipokuwa kijana.

Ndivyo ilivyokuwa. Waziri wa mambo ya nje ndani na wanawake ishirini na mbuzi wawili ndani ya sufuria. Nje sie: Balozi, Waya, suti kumi na mbili na makamera.

"Mzee Ubwa," Balozi anasema, uso umekuwa mwekundu kama tungule iloiva, "tafadhali ufungue mlango huu kwa haraka."

"Bwana Balozi, siwezi. Kuna wanawake ndani."

"Ninafahamu kwamba kuna mwanamke ndani! Ni Waziri wangu!"

"Na wengine ishirini. Wanapika. Hawajajitanda."

"Wanapika nini ndani ya ubalozi?"

Hapo ndipo nkaona siku njema ya kumwambia haikuja, na nshachelewa kuingoja. Nkamweleza yote pale pale kizingitini, toka babu yake Gulamabbas mpaka minofu ya Masoud. Alinisikiliza, kijana wa watu. Akaketi barazani, pale pale alipokuwa akikaa Masoud, akashika kichwa.

Waya hakuketi. Alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akazungumza na mkono wa shati lake. Kisha akaona ufa wa mlango, akainama kuchungulia. Nkamgusa bega. "Bwana, wewe una mama?" Balozi akamfasiria. Waya akaona haya kidogo, lakini alikuwa keshaona alichokiona, na alichokiona kilimgeuza rangi. Akamwambia Balozi maneno mawili. Balozi akaruka.

"Waziri analia!"

Suti zote zikasimama. Mwenye kamera akawasha taa. Waya akarudi hatua tatu nyuma akatega bega, nkafahamu anataka kuuvunja mlango. Mlango wa kina Gulamabbas! Umri wake unaushinda wangu, wa Balozi na wa hiyo nchi yao ukichanganya. Nkaenda nkaegemea ubao kwa mgongo, mikono nimetandaza. Nkasema moyoni, Ubwa, kibao kishakwenda, sasa unapigania mbao tu.

"Nadhira!" nkaita bila kugeuka. "Waziri ana nini?"

Nadhira akajibu toka ndani, tena anacheka. "Vitunguu, Babu!"

Kumbe mama wa watu alipotoka chooni, kasimama pale uwani mikono mitupu anatafuta pa kuifutia. Na Bi Ummkulthum, anavyokuwa siku ya shughuli, haoni sura, anaona mikono. Alidhani ni yule mzungu alopanga chumba kwa jirani yetu Fatema, anayejifunza kusuka ukili wa mikeka. Akamkalisha kwenye kibao kifupi, akampa kisu na ungo wa vitunguu vya kachumbari. Nadhira alitaka kusema, akaambiwa, "Na wewe mdomo huo hauna kazi? Twanga kitunguu thomu." Waziri hakukataa. Anamenya na machozi yanamtoka, na wanawake wanamfundisha kushika kisu.

Balozi akamfasiria Waya. Waya hakuamini. Anasema lazima amwone.

"Basi apige hodi," nkasema.

"Apige nini?"

"Hodi. Wote mpige hodi. Toka mmekuja hakuna hata mmoja alopiga. Mnasukuma, mnachungulia, mnatega mabega. Kama mngepiga hodi mngekuwa mshajibiwa zamani."

Balozi akawapanga, maana msafara ule umezoea kupangwa. Nkawaonesha: si kelele, ni kuomba, na unarefusha mwisho. Suti kumi na mbili, Balozi na Waya, wakasema pamoja, "Hodiii!" Kurwa kule mwisho wa kichochoro akainama, mabega yanamtikisika.

Kimya.

"Mara ya pili," nkasema.

"Hodiii!"

Waya jasho linamtiririka, ananitazama kama aliyekwenda kuposa.

"Hodiii!"

"Ngojeni tujitande!" akajibu Bi Ummkulthum. Wakapiga makofi wale! Nkawaambia nyamazeni, hamjakaribishwa bado.

Baada ya kitambo komeo likanyanyuliwa. Bi Ummkulthum akatokeza kafunikwa mpaka kidevuni, akatazama suti, akatazama makamera, akanitazama mie.

"Ubwa, nani hawa wote?"

"Wageni wa Waziri."

"Waziri kishafika? Yuko wapi?"

Nkamwonesha kwa kidole. Akageuka. Kule nyuma yule mama, kajifunga kanga juu ya nguo zake, pua nyekundu, ungo wa vitunguu umekwisha wote, anamwinulia mkono. Kanga ilikuwa na maneno, mie sisomi, nkamuuliza Nadhira imeandikwa nini. Akasema, "Babu, wacha tu."

Bi Ummkulthum akashika kizingiti. Nkadhani anaona haya kumtumikisha mtu mkubwa. Wapi! Akaninong'oneza, "Hawa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Na wengine sitini wako msikitini wanamalizia juzuu. Ubwa, chakula hakitoshi. Watasema. Masoud aliwasema wao maisha yake yote, leo watamsema yeye."

Macho yake yamejaa maji, na yeye hajamenya hata kitunguu kimoja. Nadhira akamfasiria Waziri, sikumtuma. Wakasemezana wawili wale. Waziri akamwita Balozi, Balozi akasimama nje ya mlango, Waziri ndani, wakazungumza kidogo. Nkaona Balozi anakubali kwa kichwa, mara tatu.

"Mzee Ubwa," akanambia, "Waziri anauliza, kama hatutapanda juu, vile vitafunio vya hoteli vinaweza kuliwa hapa chini?"

Wanawake wakapanda sebuleni wakavishusha. Madishi na madishi, Wanu! Kuku wa kuokwa, samaki, vimikate vidogo vimechomwa vijiti kama wagonjwa wa sindano. Bi Ummkulthum akaving'oa vijiti vyote, akavipanga juu ya pilau. Kitabu cha wageni nacho kikashushwa, Waziri akakitia saini akiwa uwani, na mpaka leo ukurasa ule una alama ya dole la mafuta. Ukiufungua unasikia bizari.

Watu wa hitima wakatoka msikitini, wakakuta majamvi yametandikwa kichochoro kizima, na wazungu wa suti wamekaa wanapambana na magoti. Hakuna alouliza. Mtu akishakaa kwenye jamvi la hitima ni mtu wa hitima. Pazia likatundikwa mlangoni, wanawake ndani, wanaume nje. Waya akajichagulia mahali pa kukaa anapoona chini ya pazia, alinde miguu ya Waziri. Ilikuwa peku, pamoja na mingine arobaini peku, na sijui aliijuaje.

Mie sikukaa. Nlisimama karibu na kibao changu. Nlikuwa nnakiaga, kusema kweli.

Balozi akaniona. Alikuwa kakaa duara moja na Waya na Gulamabbas, wanangoja sinia, pana nafasi ya mtu mmoja. Akapigapiga jamvi kwa kiganja. Nkaenda nkakaa. Mwenye birika akapita akatunawisha. Bi Ummkulthum mwenyewe, kwa mkono wake toka nyuma ya pazia, akatoa sinia letu, na juu yake kipande cha paja, bwana, kipande ambacho Masoud angekisimulia mwezi mzima.

Ada unaijua. Nyama nzuri husukumiwa mgeni au mkubwa. Nkakisukuma kile kipande upande wa Balozi. Nkasema moyoni, hiki ndicho cha mwisho nnachompa.

Balozi akakitazama. Kama aliifahamu ada ile au hakuifahamu, mie sijui, na sijawahi kumuuliza. Akanyoosha vidole vyake vyeupe, akakisukuma tena, taratibu, kikavuka mchele, kikafika mbele yangu.

"Jumatatu, Mzee Ubwa," akasema, "utanieleza mambo mengine yote ambayo hayakuandikwa."

Nkamwambia, "Ni mengi, Bwana Balozi."

"Basi na Jumanne."

Toka ndani Bi Ummkulthum akauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, "Nyama imefika huko nje?" Wale sitini wote, pamoja na wale aliokuwa Masoud akiwasema, wakajibu, "Imefika!" Waya naye akasema imefika, hajui anasema nini, mdomo umejaa. Nkakimega kile kipande mara nne, kila mtu chake, nkasema bismillahi, tukala.